Maswali ya Wasomaji: Siku Moja na Marafiki Kisiwani Mombasa

Kila likizo inapokaribia, barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu hazitoki kwa wageni, bali kwa wenyeji wa Mombasa wanaotarajia wageni. Mtu aliyezaliwa hapa anaujua mji wake kwa njia ya kazini, ya sokoni na ya msikitini au kanisani, lakini rafiki wa zamani akimpigia simu na kumwambia kwamba anakuja kutembea, huanza kujiuliza ampeleke wapi kwanza. Mwezi huu tumeziweka pamoja barua za namna hiyo, na tumeanza na ile iliyohitaji jibu refu zaidi.

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu, na ninaishi Tudor. Marafiki zangu wanne niliosoma nao chuoni, wawili wa Nairobi, mmoja wa Kisumu na mmoja wa Dodoma, watafika kwa treni ya SGR Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, kwa hivyo siku yetu ya kutembea ni Jumamosi peke yake. Mmoja anataka kuiona Fort Jesus, wa pili anataka kwenda Bamburi kuwaona wanyama, wa tatu anataka kuogelea Diani, na wa nne anasema yeye amekuja kula. Nimepanga twende Diani alfajiri, turudi Fort Jesus adhuhuri, kisha tumalizie Bamburi alasiri. Mke wangu anasema mpango huo hautafaulu. Unatushauri nini?
Msomaji, Tudor

JIBU: Wa alaykumu ssalamu, Mwalimu. Mkeo amesema kweli, na ningekuomba umsikilize. Diani iko kusini, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Bamburi iko kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali. Na ngome iko katikati, ukingoni mwa kisiwa. Mkitaka kufika kote huko kati ya alfajiri na magharibi, sehemu kubwa ya Jumamosi yenu itaishia ndani ya gari, na wageni wako watakuwa wameupita mji bila kuuona. Siku moja haitoshi kuimaliza Mombasa, lakini inatosha kukijua kisiwa, kwa sababu kisiwa chenyewe ni kidogo, takriban kilomita za mraba 14, na sehemu yake yenye historia kubwa zaidi hutembelewa kwa miguu. Kwa hivyo msivuke maji kwa gari siku hiyo. Diani na Bamburi ziwe sababu ya kuwaalika tena.

Anzeni na haja ya yule aliyekuja kula, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuitimiza na ndiyo itakayowaamsha wenzake mapema. Saa moja asubuhi muwe mmeshafika upande wa Kuze au Kibokoni, mahali ambapo mahamri hutolewa karaini yakiwa moto. Waombe marafiki zako wasimame kidogo kabla ya kukaa, waone kazi yenyewe: mpishi hukata unga uliolala ukaumuka, akatumbukiza vipande katika mafuta, akavimwagia mafuta juu kwa upawa mpaka vikafura, kisha akavigeuza mara moja tu. Hamri lililopikwa vizuri huwa tupu ndani, na ukilipasua harufu ya iliki hutoka na mvuke. Huliwa na mbaazi za nazi, na huo ndio mlo wa asubuhi wa watu wa mji huu, tajiri na maskini. Hoteli nyingi za ufukweni huwapa wageni mayai na soseji kana kwamba Mombasa haina chake, na jambo hilo hunisikitisha sana.

Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi, na hapo ndipo mnapotakiwa kuingia, kabla jua halijapanda na kabla mabasi ya wanafunzi hayajawasili. Bebeni vitambulisho, kwa maana kiingilio cha raia wa Kenya ni nafuu, na rafiki yako wa Dodoma naye ana kiwango chake kama mtu wa Afrika Mashariki. Mkimchukua mwongozaji, na ninashauri mmchukue, mkubaliane naye ujira mapema na mumwambie mna muda kiasi gani.

Wageni wengi huingia humo, wakapiga picha kwenye mizinga, wakatoka. Usiwaruhusu wako wafanye hivyo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya msanifu wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati, wakaimaliza mwaka 1596, wakiukata mwamba wa matumbawe wenyewe na kupandisha kuta juu yake. Waongozaji watawaambia kwamba ukiitazama kutoka juu, ramani yake inafuata umbo la mtu aliyelala chali, na ni kweli kwamba mchoro huo ulifuata fikra za wasanifu wa Italia wa zama hizo. Lakini mimi hupendelea wageni waelezwe zaidi habari za watu waliokaa humo. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa ambaye Wareno walimchukua mtoto, wakamlea Goa na kumbatiza kwa jina la Jerónimo, aliwageukia walezi wake, akamuua kapteni na kuiteka ngome. Kisha kuanzia tarehe 13 Machi 1696 hadi tarehe 13 Desemba 1698 majeshi ya Oman yaliizingira, na katika miezi hiyo 33 njaa na maradhi viliua watu wengi zaidi kuliko risasi. Waliokimbilia ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili wa pwani hii, wanaume kwa wanawake, na siku Waomani walipopanda kuta, waliosalia hai walikuwa wachache mno. Mwambie mwongozaji awasimulie hayo mkiwa mmesimama juu ya ukuta unaotazama mlango wa bahari, ili waone wenyewe ni umbali mdogo kiasi gani uliowatenga watu wale na meli zilizokuja kuwaokoa. Meli mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama papo hapo chini ya ngome mwaka 1697, na wapiga mbizi wa elimukale walipoichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980, vyombo vyake vililetwa katika jumba la makumbusho lililomo ndani.

Kuna kitu kimoja ambacho ningetaka mkitafute kwa makusudi. Ni kipande cha plasta ya ukuta ambacho askari wa Kireno wa zamu walikichora kwa mkaa na udongo mwekundu karne ya 17. Kimejaa majahazi yenye milingoti mirefu, watu, na majengo, vitu vilivyochorwa kimoja juu ya kingine bila mpango, kwa mkono wa mtu anayesubiri zamu yake iishe. Msimame mbele yake kwa muda. Mfalme aliyeamuru ngome ijengwe ameandikwa vitabuni, lakini vijana hawa waliotumwa mbali na kwao hawakuacha alama nyingine ila hiyo. Kisha pandeni kwenye Nyumba ya Waomani, mpumzike kivulini, na mkumbuke pia kwamba tangu mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya ngome hii jela, kabla ya kuwekwa chini ya hifadhi na kufanywa makumbusho. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Mkitoka hapo msipande tuktuk. Ingieni Mji wa Kale kwa miguu, mfuate Ndia Kuu polepole, mkitazama juu kuliko chini, kwa sababu uzuri wa nyumba zile uko kwenye roshani za mbao zilizochongwa na kwenye fremu za milango yenye nakshi. Msikiti wa Mandhry, ambao ulijengwa mwaka 1570 na hivyo ni mkongwe kuliko ngome, mtautambua kwa mnara wake mweupe, mnene chini na mwembamba juu, na kisima chake kiko ng'ambo ya njia. Ungali ni msikiti wa kusaliwa, si jumba la maonyesho. Mkiendelea mtafika Bandari ya Kale na nyumba ya Leven, iliyopata jina lake kutokana na manowari ya Kapteni Owen wa Uingereza, ambaye mwaka 1824 alikubali ombi la Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, la kulindwa dhidi ya Sultani wa Oman, mapatano ambayo serikali yake iliyavunja miaka miwili baadaye.

Hapa pana jambo la maji ambalo wenyeji tunalijua na wageni hawaambiwi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hupwa asubuhi kwenye saa nne na kujaa alasiri kwenye saa kumi. Kama Jumamosi yenu itaangukia bamvua, basi mkifika bandarini saa nne mtaona miamba na vyombo vilivyokaa upande juu ya tope. Tazama kalenda, na ikiwa hivyo, iacheni bandari mpaka alasiri.

Kabla ya adhuhuri piteni Langoni mpaka Marikiti, mahali pa viungo. Rafiki zako wa bara watataka kununua kila kitu. Washauri wachukue iliki, mdalasini na pilipili manga ambazo hazijasagwa, kwa kuwa zilizosagwa hupoteza nguvu upesi na ni vigumu kujua zimechanganywa na nini. Kutoka hapo si mbali mpaka Biashara Street, kwenye leso na vikoi. Leso huuzwa jozi, ikiwa bado kipande kimoja, na fundi wa cherehani aliyekaa barazani mwa duka huikata katikati na kuipinda pindo papo hapo mnapongoja. Mwanamke akichagua leso husoma maneno yake kwanza, kisha ndipo akatazama rangi, na mwenye duka huzifunua moja baada ya nyingine bila kuchoka. Mpe rafiki yako wa Kisumu nafasi amchagulie mama yake, wala msimharakishe.

Chakula cha mchana sina haja ya kukifundisha kwa mtu wa Tudor. Biriani ni nzuri, lakini kama mnaweza kupata wali wa nazi na samaki wa kupaka, hicho ndicho chakula ambacho hawatakipata Nairobi kikiwa vile kilivyo hapa. Baada ya hapo, Mwalimu, wapeleke nyumbani wakalale. Usione haya. Jua la utosi la Mombasa si la kutembea nalo, na nyumba yako iko kisiwani, safari fupi tu kwa tuktuk. Wakioga na kujinyoosha mpaka baada ya alasiri, jioni yao itakuwa na uhai.

Jioni iwe ya maji. Nendeni Likoni mkapande feri kwa miguu, mvuke na kurudi. Abiria wa miguu halipi chochote, na hakuna mahali pengine ambapo mgeni ataona mji mzima umesimama pamoja: wafanyakazi, wanafunzi, wachuuzi, baiskeli zilizobeba mizigo, huku meli kubwa inayoingia Kilindini ikiwapita karibu. Ifuateni kila amri ya wafanyakazi wa kivuko, na msisukumane mlangoni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka kwenye mkondo huu na watu zaidi ya 270 wakafariki, na familia nyingi za hapa bado zinaomboleza.

Mkirudi kisiwani, tembeeni mpaka Mama Ngina Drive, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Kaeni chini ya mibuyu, mnunue mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, na madafu. Msiwaahidi wageni kwamba wataona jua likizama baharini, kama matangazo mengine yanavyodai. Bahari yetu iko mashariki, na anayetaka kuliona jua juu ya maji yake aamke alfajiri. Jioni mtakachokiona ni mwanga uliotulia juu ya mawimbi na taa za meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini, na hicho kinatosha. Baada ya Isha, kama miguu ingali na nguvu, rudini Mji wa Kale mkanywe kahawa chungu kwa vikombe vidogo, pamoja na kashata au haluwa. Muuza kahawa huweka dele lake la shaba juu ya makaa na kujaza kikombe kila kinapokwisha, na hesabu hulipwa mwisho. Hapo ndipo marafiki wa chuoni huzungumza mambo waliyoshindwa kuyasema kwenye simu, nawe uwaachie nafasi hiyo.

SWALI: Wageni wangu huniuliza kama zile pembe za Moi Avenue ni pembe za ndovu kweli. Isitoshe, shemeji yangu anabisha kwamba Mombasa iliwahi kuwa mji mkuu wa nchi hii. Nisaidie nipate la kuwajibu.
Msomaji, Mikindani

JIBU: Pembe zile ni za alumini. Ziliwekwa miaka ya 1950 wakati wa kuwapokea wageni wa familia ya kifalme ya Uingereza, nazo zimebaki kuwa alama ya mji. Picha ni nzuri zaidi asubuhi na mapema, kabla magari hayajajaa barabarani, na mkishapiga picha hakuna sababu ya kukaa hapo zaidi.

Shemeji yako ana haki. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa mamlaka ya eneo hili mwaka 1888 iliweka makao yake Mombasa, na serikali ya Uingereza ilipochukua nafasi yake mwaka 1895, ofisi kuu zilibaki hapa hapa. Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilianzia kisiwani mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya serikali yakahamia Nairobi, kwenye hewa baridi ambayo maofisa waliipenda. Mkitaka kuuona mji mkuu huo wa zamani, simameni karibu na Fort Jesus mtazame upande wa Treasury Square na ile Mahakama ya Kale iliyojengwa mwaka 1902. Kuta nene, madirisha marefu na veranda za kuzuia jua vinaonyesha kwamba waliojenga walikusudia kukaa. Ni mwendo wa dakika chache kutoka ngomeni, nami hushangaa kuona makundi ya watalii yakipapita bila hata kugeuza shingo.

SWALI: Mimi ni mkaazi wa Kibokoni, na familia yetu imeishi Mji wa Kale tangu enzi za mababu. Siwachukii wageni, na jirani zangu wengi wanapata riziki kupitia kwao. Lakini vijana wa hapa hapa Mombasa huja na marafiki zao wa bara, wakapiga picha za mama zetu waliokaa barazani, wakachungulia madirishani na kukalia vizingiti vya watu. Tafadhali waelezeni adabu.
Msomaji, Kibokoni

JIBU: Tunakushukuru, Bibi, na tunaomba kila mwenye kupanga matembezi alisome swali lako mara mbili. Mji wa Kale ni mtaa wa watu. Una watoto wanaokwenda madrasa, wagonjwa waliolala nyuma ya dirisha lililo wazi kwa sababu ya joto, na familia zilizofiwa zinazopokea watu barazani. Njia zake ni nyembamba kiasi kwamba anayepita kwa sauti kubwa huwa ameingia ndani ya nyumba za watu kwa sauti hiyo.

Jukumu ni la mwenyeji, wala si la mgeni. Mgeni hajui, na hakuna wa kumwambia isipokuwa aliyemleta. Kabla ya kuingia Ndia Kuu, mwambieni rafiki yenu mambo haya waziwazi. Avae nguo zinazofunika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke, kwa kuwa nguo za ufukweni zina mahali pake. Aanze kwa salamu. Ukimkuta mtu amekaa barazani, mtoleeni salamu kabla ya neno lolote, mjuliane hali, na mara nyingi baada ya hapo mtakaribishwa bila kuomba. Picha ya mtu haipigwi bila idhini yake, na akisema hapana, au akigeuza uso tu, jibu limekwisha kutolewa. Kumpa mtoto pesa ili apigwe picha ni vibaya zaidi, kwa sababu kunamfundisha kuuza uso wake na kunamfedhehesha mzazi wake. Mlango wenye nakshi unaweza kupigwa picha ukiwa umefungwa. Ukiwa wazi, umekuwa nyumba.

Kuhusu misikiti, asiye Mwislamu anayetaka kuingia aombe kwanza, wala asije wakati wa swala. Wengine watamkaribisha, wengine watamwomba atazame kutoka nje, na yote mawili ni haki yao. Siku ya Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa na njia hujaa watu waendao msikitini, kwa hivyo pangeni matembezi yenu asubuhi au baada ya alasiri. Bandari ya Kale nayo ina sheria zake za usalama, na askari wa lango ndiye wa kuulizwa kabla ya kutoa simu mfukoni.

Mwisho, nunueni kitu pale mlipotembea. Ikiwa mmezunguka Kibokoni asubuhi nzima, mkapiga picha za milango yake, basi kahawa, mahamri au kikoi chenu kitoke huko huko, ili mtaa uliowapokea nao upate sehemu yake.

SWALI: Ninaishi Nyali, na rafiki zangu watakuwa nami siku mbili. Siku ya pili ningependa kuwapeleka Haller Park pale Bamburi. Je, panafaa, au ni mahali pa watoto wa shule tu?
Msomaji, Nyali

JIBU: Panafaa sana, na kwa mtu aliyeko Nyali ni karibu. Ila uwaeleze kwanza palivyokuwa, vinginevyo watadhani wameingia katika bustani ya kawaida ya wanyama. Tangu miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe pale, kikaacha shimo kubwa lenye sakafu nyeupe ya mwamba, pasipo udongo wala nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa; mvinje ulistahimili, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza, yakabaki yamelundikana. Ndipo walipoletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakayala majani hayo na kuyageuza kuwa mbolea, na kutokana na kinyesi cha mdudu huyo ukaanza kupatikana udongo ambao leo unabeba msitu mzima. Mimi huwaambia wageni wamtafute jongoo kabla ya kumtafuta twiga.

Wanyama wenyewe wapo. Twiga hulishwa kwa saa maalumu, asubuhi na alasiri, na wageni huruhusiwa kuwalisha kwa mkono, kwa hivyo ulizeni saa hizo mlangoni. Ndipo pia alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania kobe mkubwa aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake, na habari yao ikaenea duniani kote. Mkirudi, simameni Kengeleni. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Freretown, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele iliyolipa eneo hilo jina lake bado iko kando ya barabara. Magari hulipita eneo hilo kutwa kucha, na wengi waliomo ndani hawajui kwamba karibu yao wanaishi wajukuu wa watu waliovuliwa minyororo.

SWALI: Rafiki yangu wa tangu utotoni hutumia kiti cha magurudumu. Anakuja kutoka Nakuru pamoja na wenzetu wawili, na sitaki siku yake iwe ya kungojea nje wakati sisi tunaingia ndani. Sisi tutakuwa Likoni. Tuanzie wapi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Ningeipanga siku hiyo kinyume na nilivyompangia mwalimu wa Tudor. Msianze na Fort Jesus, kwa kuwa lango lake lina mwinuko, na sehemu za juu hufikiwa kwa njia ambazo kiti hakitapita vizuri. Si kwamba asiende kabisa. Uwanja wa ndani unaweza kufikiwa kwa msaada wa mtu mwenye nguvu nyuma ya kiti, nanyi pigeni simu au fikeni mapema muwaulize wafanyakazi ni sehemu gani zitawafaa siku hiyo. Lakini moyo wa siku yenu uwe Mama Ngina Drive, ambako njia zimesakafiwa, ni pana, na bahari inaonekana vizuri kwa aliyekaa. Kule ninyi wote wanne mtakuwa mnatazama kitu kimoja.

Mji wa Kale chagueni njia zilizotandikwa kabro, mkiepuka vichochoro vyenye mifereji ya katikati, na msiogope kuomba msaada. Vijana wa pale huinua kiti bila kuulizwa mara ya pili. Tuktuk huingia karibu kila mahali, ila tafuteni dereva mtakayekuwa naye siku nzima, mkapatana bei kabla ya kuanza, ili msihangaike kukikunja kiti na kumweleza kila dereva mpya.

Sasa feri, kwa kuwa mko Likoni na lazima mvuke. Njia ya kuteremkia feri huwa na mteremko mkali maji yanapokupwa, na huwa tambarare zaidi maji yanapojaa. Kama inawezekana vukeni Jumapili, wakati hakuna msongamano wa wafanyakazi, na mtazame mwezi: katika siku za bamvua mkivuka kwenye saa tisa alasiri na kurudi kabla ya saa kumi na mbili, mtakuwa mmeyakuta maji juu safari zote mbili. Jitokezeni kwa askari wa kivuko mapema, kabla umati haujaruhusiwa kushuka, mwombeni rafiki yenu atangulizwe, na mmoja wenu ashike breki za kiti mpaka feri itie nanga upande wa pili.